Jirani Yangu Aliyelea Divai

Neno la kwanza aliloniambia jirani yangu lilikuwa la kunisahihisha. Mimi na mke wangu tulikuwa tumehamia Kitale kutoka Myanga, kule Bungoma, baada ya mimi kupewa uhamisho wa shule, na vitu vyetu vilikuwa bado uani vikingoja kuingizwa ndani. Tulikuwa tumekaa juu ya magodoro tukipumzika wakati harufu fulani ilipovuka ua wa miiba ya kaiyaba ikatujia. Haikuwa harufu ya busaa, pombe yetu ya nafaka. Mtu wa Bungoma anaijua busaa kabla hajajua kusoma. Hii ilikuwa na utamu wa jamu, na nyuma yake ukali kidogo, kama mtu mpole aliyekasirishwa. Nilisimama nikachungulia. Mama mmoja mfupi, leso kiunoni, alikuwa akikamua kitambaa kilichojaa kitu cheusi, na mikono yake ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko.

“Mulembe, mama,” nikamsalimu. “Unapika nini?”

“Mulembe,” akajibu bila kuinua macho. “Mimi sipiki. Kupika ni ya chang'aa. Hii inalelewa.”

Basi nikarudi kukaa kwenye godoro. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

Mjini walimwita Mama Divai, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli. Mimi nilimwita mayi, kama tunavyowaita mama zetu kwetu, naye aliniita Mwalimu hata baada ya mimi kustaafu. Habari za alikozaliwa na watu wake sina haja nazo hapa. Ninachoweza kueleza ni yule niliyemwona kupitia ua ule miaka yote hiyo, akiinama juu ya mitungi yake kama mtu anayesikiliza mtoto aliye usingizini.

Tuanze na usafi, maana hapo ndipo alipoanzia yeye. Alichemsha maji ya kuoshea mitungi, akachemsha na maji ya kusuuzia. Vitambaa vya kuchujia alivianika juani kwenye kamba yake peke yake, na ole wako utundike soksi hapo. Siku ya kukamua matunda hakukatwa kitunguu nyumbani kwake. Mgeni aliyejipaka marashi alipokelewa barazani, akapewa chai, akaagwa pale pale. Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo, upande usiopigwa na jua, chenye mlango mfupi uliomlazimisha kila mtu kuinama. Redio haikuingia humo. Nilipomuuliza kama divai inasumbuliwa na muziki, alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyechelewa kutambua herufi.

“Si divai inayosumbuliwa, Mwalimu. Ni mimi. Nikisikia wimbo nitawahi kumaliza kazi pamoja na wimbo.”

Ndani ya chumba hicho mitungi mikubwa ya kioo ilisimama juu ya mbao, kila mmoja umezibwa kwa kizibo chenye tundu, na mpira mwembamba ukitoka kwenye tundu hadi ndani ya chupa ya maji. Matunda yalipokuwa yakichacha, hewa ilipita kwenye mpira na maji yakatoa povu: blup, kimya, blup. Alinifundisha kwamba povu likienda mbio kama farasi, divai ina homa, na likizubaa mapema, ina huzuni. Hamira ya mkate hakuitaka, alisema inaacha ladha ya duka la mikate. Masimbi ya divai nzuri yaliyobaki chini ya mtungi aliyahifadhi, akayatumia kuanzishia ile iliyofuata. Aliyaita mbegu. Kwa hiyo kila divai ya nyumba ile ilikuwa mjukuu wa nyingine, na ukizifuata nyuma unafika kwa padri mmoja mzee.

Kwa sababu huko ndiko alikojifunza. Akiwa kijana alikuwa mpishi kwenye nyumba ya mapadri, na padri huyo mzee, mgeni kutoka ng'ambo, alikuwa na mizabibu iliyotambaa juu ya veranda yao. Mzee huyo hakuziamini chupa za dukani. Divai ya altare aliifanya mwenyewe, kama baba yake alivyofanya kwao. Jirani alimwona tu akipita na ndoo, asiulize kitu. Halafu mikono ya padri ikaanza kutetemeka, akawa anamwaga zaidi ya anavyojaza. Siku moja akaja jikoni, akasimama mbele ya huyu msichana aliyekuwa anachambua mchele, akamwambia, “Kuanzia leo wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa pua.”

Wakafanya hivyo miaka mingi. Msichana alikamua, akachuja, akahamisha kutoka mtungi huu kwenda ule. Padri alikaa kwenye kiti, akaletewa bilauri, akanusa, akasema la kufanya. Mpaka asubuhi moja alipoletewa bilauri akairudisha. “Leo nusa wewe kwanza.”

“Nilishika ile bilauri mpaka mkono ukachoka,” jirani alinisimulia. “Niliogopa, bana. Nikafikiri nikikosea nitarudishwa nyumbani. Halafu nikamwambia, padri, hii inanukia kama vumbi likinyeshewa. Na kuna kiatu kipya ndani yake.”

“Akasema nini?”

“Alitoa machozi. Toka siku hiyo mimi ndio nilikuwa nanusa wa kwanza.”

Padri alipozeeka kabisa alirudishwa kwao kupumzika. Aliyemfuata alikuwa kijana mwenye haraka, divai ya altare akaagiza kwenye makasha kutoka Nairobi, na mizabibu ikakatwa ili magari yapate mahali pa kusimama. Jirani alifunga vipandikizi vya mizabibu ndani ya gunia lililoloweshwa maji, mbegu ya divai akaitia ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, akaondoka navyo. Mshahara wake wa mwisho hakuurudia. Nadhani aliona amekwisha kulipwa.

Zabibu lakini hazikuipenda Kitale. Mvua yetu ni nyingi, na baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon asubuhi huweka ukungu mweupe juu ya majani kama unga. Alizibembeleza misimu kadhaa, akazijengea paa la nailoni, akazinyunyizia majivu, mwishowe akazing'oa kwa jembe, akilia, na pale pale akapanda miforosadi. Forosadi ni lile tunda dogo jeusi linalopaka midomo ya watoto rangi. Miti hiyo ilizaa kama iliyokuwa imechelewa. Kutoka Ndalu aliletewa matunda ya karakara kwenye magunia, na msimu wa matunda damu alijaribu nayo pia. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye forosadi. Divai yake ilikuwa nyeusi ukiishika kivulini na nyekundu ukiinyanyua kwenye jua, na mimi, mlokole mtoto wa mlokole, niliyeinywa kwa vijiko wakati wa kikohozi tu, nakiri kwamba kikohozi kilinipata mara nyingi.

Yeye mwenyewe hakunywa. Hili ndilo lililowatatiza watu. Alionja, akaizungusha mdomoni macho yamefumbwa, akaitema kwenye shina la waridi mlangoni. Walevi aliwachukia kwa chuki safi. Mume wake aliuawa na chang'aa, ile pombe kali ya magendo, iliyotiwa kitu, alianza kwa kupoteza macho, akafa asubuhi ya tatu, na jambo hilo mtaa mzima ulilijua. Mke wangu, ambaye huuliza mambo ninayoogopa kuyauliza, alimwuliza anawezaje kushika kileo baada ya hapo.

“Kile kilimuua kilipikwa haraka,” jirani alisema. Akaendelea kupangusa chupa.

Haraka ndiyo iliyokuwa adui yake, na kichekesho ni kwamba kwa mambo mengine yote hakuna mtu mwenye pupa niliyepata kumwona kama yeye. Chai aliinywa ikiwa inamchoma, akalalamika kwamba imemchoma. Mahindi yake aliyavuna kabla hayajakauka, yakavunda ghalani, mwaka uliofuata akayavuna mabichi tena. Foleni ilimtia wazimu. Kanisani alisema “Amina” kabla ya mchungaji kufika mwisho wa ombi. Lakini divai haikutoka nyumbani kwake mpaka miti izae tena. “Haiondoki mpaka wadogo zake wazaliwe,” alisema, na hata angekuja gavana hangeuza.

Kijana mmoja wa bodaboda alifika siku moja, helmeti kichwani, akamwita kutoka langoni. “Niaje, mathee. Ati kuna kitu ya kuchapa hapa?”

“Hapa hakuna kitu ya kuchapa,” alimjibu. “Hapa kuna kitu ya kungojea. Kaa kwa hiyo mti ungoje.”

Kijana alicheka akaondoka. Mimi nilicheka pia. Sikujua bado kwamba siku moja kungoja kwenyewe kutamshinda hata jirani yangu.

Kanisa letu, lake na langu, halina divai hata kwenye meza ya Bwana, tunatumia juisi. Kwa hiyo haikushangaza mzee wa kanisa alipokuja kwake na Biblia kwapani. Nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kuazima toroli.

“Dada,” mzee alianza, “watu wanasema.”

“Wanasema nini?”

“Wanasema kiongozi wa kina mama anatengeneza pombe.”

“Na wewe unasema nini, mzee?”

Mzee alifungua Biblia akaifunga. Alisema yeye binafsi hana ubaya, ila kondoo ni wengi. Basi jirani akaondolewa kwenye uongozi wa kina mama, akahama benchi la mbele akawa anakaa nyuma karibu na mlango, na kila Jumapili alifika. Hakubishana. Mwaka huo huo mke wa mzee yule yule alikuja kwa njia ya shambani, akitaka “ile juisi iliyokaa” kwa ajili ya wageni wa mahari ya binti yao. Alipewa. Nilimwuliza jirani kwa nini alimpa. Akasema divai ilikuwa imeshafika umri wa kwenda kwa watu, haikuwa na kosa.

Leseni aliitafuta. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema alikuwa mtu wa kujificha. Nilimsindikiza mwenyewe kwenye ofisi, nikiwa nimevaa tai nikidhani tai ya mwalimu itasaidia. Tuliambiwa kiwanda cha divai lazima kiwe na sakafu ya vigae, bomba la maji ya moto, choo cha wafanyakazi wa kiume na choo cha wafanyakazi wa kike. “Wafanyakazi ni mimi,” jirani akasema. Karani, kijana mwenye adabu, alitabasamu kwa huruma. Alisema yeye hakuandika sheria. Tulitoka tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea, na hatukurudi tena.

Halafu ikaja ile kampeni ya kumaliza pombe haramu. Gari lilisimama asubuhi na mapema, maofisa wakashuka, wakainama kupita mlango mfupi mmoja mmoja, na hilo la kuinama liliwaudhi. Nilivuka ua nikawaeleza kwamba hii si chang'aa, nikawaambia wanuse. Mkubwa wao alinusa. Uso wake ulibadilika kidogo, niliona, akawa kama mtu aliyekumbuka jambo. Halafu akasema, “Mwalimu, mimi nimetumwa,” na akawaambia vijana wake wamwage.

Mtungi baada ya mtungi ulimwagwa kwenye mtaro. Mtaro wetu ulikimbia rangi ya zambarau mpaka barabarani. Bata wa jirani wa chini walifika, wakanywa, wakaanza kutembea upande, mmoja akalala chali, na watu waliokusanyika wakaangua kicheko. Jirani alisimama mikono nyuma. Alipoona bata yule amelala, naye akacheka, akacheka sana, mpaka nikamshika bega maana kicheko kilikuwa kinageuka kilio. Usiku ule mke wangu alimpelekea uji. Alikuta ameokoa mbegu kidogo kutoka chini ya mtungi uliovunjika, ameitia kwenye kikombe, ameifunika kwa sahani. Akaanza upya. Msimu mmoja hivi, na chumba kilikuwa kinasema blup tena.

Kwa hiyo sikuogopa kwa ajili yake. Niliona ameushinda ujane, kanisa na serikali, nikadhani limebaki la uzee tu, na uzee tungeuzeeka pamoja.

Ilikuja homa ile iliyopita kila nyumba. Kwetu ilimlaza mke wangu, ikanilaza mimi, tukapona. Yeye pia aliugua, akapona, na siku chache baadaye tulimwona uani akitembea na fimbo. Mchana mmoja nilisikia harufu ya maharagwe yakiungua, kali ya kuumiza macho. Nilipotazama, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake kama wa treni. Nilikimbia. Nilimkuta ameketi mlangoni mwa jiko hilo hilo, mgongo umeelekea moto, anachambua mboga za saga polepole.

“Mayi! Maharagwe!”

“Yamefanya nini?”

Nilimpita, nikaitoa sufuria, nikaitupa nje. Yalikuwa makaa. Alipogeuka akaona moshi, aliutazama kwanza, halafu akanitazama mimi. Aliinuka bila fimbo. Hakwenda jikoni. Alikwenda kwenye kile chumba, akainama mlangoni, na nilimsikia akifungua vizibo, kimoja, kingine, kingine. Nilisimama nje nikiona mgongo wake tu. Aliinamia mtungi wa kwanza, akavuta pumzi. Akaenda wa pili. Alipofika wa mwisho akaweka uso mzima kwenye shingo ya mtungi, kama mtu anayekunywa kisimani, akavuta mpaka mabega yakapanda.

“Mwalimu,” aliita. “Hebu njoo. Hii imefunguliwa au imefungwa?”

“Imefunguliwa, mayi.”

“Sisikii kitu.”

Katika Kiswahili chetu harufu inasikiwa, na sikuwahi kulifikiria neno hilo mpaka siku ile. Alisema kama mtu aliyezibwa masikio.

Tulimpeleka hospitali hapa Kitale, na binti yake, aliyekuwa akiishi mbali, akaja akampeleka kwa daktari mwingine Eldoret. Walimmulika, wakamwambia homa ile ndiyo iliyoondoka na pua yake, huenda ikarudi, huenda isirudi. “Huyo daktari ni kama watabiri wa mvua,” alisema. Alipewa zoezi la kunusa vitu vya harufu kali kila asubuhi. Tulimwona barazani na vikombe vimepangwa: kahawa, majani ya mlimau, kitunguu saumu, mafuta ya taa. Alikinyanyua kila kimoja, akafumba macho, akakumbuka kwa nguvu. Nasema akakumbuka, kwa sababu aliniambia hivyo. “Kahawa naijua ilivyo. Niko nayo kwa kichwa. Lakini haiingii.” Alifanya hivyo kwa uvumilivu, yeye aliyechomwa na chai kila siku, kupitia mvua ndefu na mvua fupi. Hata mafuta ya taa hayakumfikia.

Ndipo akaniomba niwe pua yake. Hakuomba hivyo, aliniamuru. Nilikaa kwenye kiti mle ndani, kiti ambacho labda akilini mwake alimwona padri amekikalia, nikaletewa bilauri.

“Nusa. Inasema nini?”

“Inanukia vizuri, mayi.”

“Vizuri ni nini? Vizuri si harufu.”

“Inanukia... divai.”

Alipiga mbao kwa kiganja mitungi ikalia. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, nimesahihisha insha mpaka macho yakafifia, na sasa nilikuwa na bilauri puani na sina hata sentensi moja. Nilisikia kitu, ndiyo. Kilikuwa kizuri na kilikuwa kingi. Lakini kilipofika mdomoni kilikuwa kimekuwa “tamu” na “kali” kama kila kitu kingine. Mke wangu alijaribu akasema inanukia kama kanisa siku ya arusi. Uso wa jirani ulifunguka, halafu ukajifunga. “Hiyo ni picha, mama. Nataka jasho la watu au maua au mbao za benchi. Gani?” Mke wangu hakujua gani. Alirudi nyumbani akalala mchana, kitu asichofanya.

Hata hivyo msimu wa forosadi ulipofika alikamua. Sidhani aliweza kutokamua. Ulimi wake ulimwambia bado utamu na uchachu na uchungu, basi, kama mtu anayesoma herufi kubwa tu. Alikwenda kwa mikono, kwa rangi, kwa mapovu. Tulipita kila jioni kunusa tukasema ni sawa, na ilikuwa sawa kwa tulivyojua.

Wiki moja binti yake alikuja kumwona kutoka Kibabii, ambako anafanya kazi ya ofisi chuoni. Mke wangu alirudi kutoka kunusa akaniambia, “Huyu binti anapenda urembo. Chumba kizima kinanukia rangi ya kucha.” Hatukuwaza zaidi. Siku nyingi baadaye jirani alionja akatema, akaonja tena. Ilikuwa siki. Mitungi yote, maana alikuwa amehamisha divai yote kwa mpira mmoja, uliobeba ugonjwa kutoka mtungi hadi mtungi. Mke wangu ndipo akasema lile la rangi ya kucha, kwa kujaribu kuongeza neno tu, na jirani akakaa chini sakafuni.

“Hiyo ndiyo yenyewe,” alisema. “Kabla haijawa siki inanukia hivyo. Hapo bado unaweza kuiokoa. Hapo ndio ilikuwa inaniita.” Alitazama kucha za binti yake, ambazo hazikuwa na rangi yoyote. “Imeniita hapa ndani wiki nzima na mimi nimelala upande wa pili wa ukuta.”

Mke wangu alianza kulia. Jirani alimshika mkono akamwambia hapana, si wewe. Alisema hivyo mara nyingi, kwa upole kabisa, na upole huo ulitutisha kuliko kiganja juu ya mbao.

Mwezi huo binti alifunga mizigo ya mama yake, akamchukua wakaishi kwake Kibabii. Hakuna aliyegombana. Binti ni mtu mzuri, wa kanisa, aliyeona mama yake anaweza kuungua na nyumba asijue, na alikuwa na haki. Siki walitumiminia kwenye madumu, tukagawa mtaani. Watu waliisifu kwa kachumbari. Mbegu sikuiona aliipeleka wapi na sikuuliza. Miforosadi ilizaa tena mwaka uliofuata bila mtu. Ndege walikula forosadi na nyingine zikadondoka, na ardhi ya uani kwake ikawa nyeusi. Wapangaji waliokuja walilalamika kwamba inachafua viatu.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda Bungoma kwa mambo ya pensheni, na nilikuwa napita sokoni kutafuta cha kupeleka nyumbani nilipomwona amesimama mbele ya mafungu ya mananasi. Alikuwa amepungua. Sweta ya binti yake ilimwagika mikononi. Muuzaji, msichana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amelinyanyua nanasi moja kubwa anamwekea usoni, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu.

“Hii ni tamu sana, kukhu. Nusa! Si unuse mwenyewe, hata sukari haifiki hapa.”

Jirani alilipokea kwa mikono miwili. Alifumba macho, akaliweka puani, akavuta pumzi ndefu, bila haraka. Watu walipita wakimgusa mabega. Nilikuwa nimefika karibu kiasi cha kumsalimu, nikasimama nyuma yake.

“Ndiyo,” alimwambia msichana. “Inanukia vizuri.”

Akalipa. Alipogeuka akaniona, uso wake ukafurahi kweli, tukashikana mikono muda mrefu pale katikati ya njia. Aliuliza habari za mke wangu, za nyumba, za mvua ya Kitale. Nilichukua nanasi lake nimbebee, tukatembea pole pole hadi mahali pa bodaboda, na kutoka hapo hadi kwa binti yake upande wa Kibabii, pikipiki mbili zikifuatana. Nanasi nilikuwa nimelipakata mimi. Njia nzima lilinijia puani. Lilikuwa limeshapita kuiva. Chini, karibu na kitako, lilikuwa laini, na lilitoa ile harufu ya utamu wenye ukali nyuma yake.

Langoni alinyoosha mikono nimrudishie. Alilishika, kidole gumba kikazama kidogo kwenye ule ulaini, kikakaa hapo.

“Mwalimu,” alisema, “wewe umekaa nalo njia yote. Niambie ukweli. Limeiva, ama limeanza kuchacha?”

Ndani ya nyumba binti yake alikuwa ametusikia, alikuwa anaita kwamba chai iko tayari.

“Limeanza, mayi.”

Alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayepewa habari za mtoto wake aliye mbali.

“Limeanza,” alisema. “Na hata halikuningoja.”

Tukaingia kunywa chai.